Tatizo si kompyuta ya mteja

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Pita maduka ya Kariakoo, Msimbazi au Aggrey, utakuta laptopu za mtumba zenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768 zikibeba stoo na mauzo ya watu. Sasa mshikaji wa chuo anaandika programu kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, dirisha analipa urefu wa pikseli 800, anaifunga dukani. Kesho yake muuzaji anapiga simu: kitufe cha Hifadhi hakionekani! Jibu? "Badilisha kompyuta."

Jamani! Tupige hesabu. Kwenye 768 toa 40 za mstari wa chini wa Windows, zinabaki 728. Pikseli 72 zimezama, na Hifadhi imo humo humo. Mzee mwenye duka akikuza maandishi hadi asilimia 125 kwa sababu ya macho, ile 768 inakuwa kama 614 tu, kabla hata hujatoa mstari wa chini. Macho ya mzee nayo ni kosa?

Wengine wanakilaumu Kiswahili, eti maneno marefu. Save herufi 4, Hifadhi 7, kitufe kinakata neno. Lakini hapo hapo Mlimani mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Kinachotakiwa ni kitufe kinachojipima kwa maandishi yake.

Dawa ipo siku nyingi. Java ina BorderLayout tangu 1996. Windows Forms ina Anchor na Dock: upauzana ufunge juu, paneli ya Hifadhi chini, jedwali la bidhaa lijaze katikati, dirisha lifunguke limejaa skrini. Nafasi ikibana, jedwali ndilo linapungua. Jedwali likijificha chini ya upauzana, lichague ubofye Bring to Front, basi. Ila sisi tunaburuta vitufe na kuvigandisha kwa namba, maadamu demo inapita darasani.

Eti mteja angesema mapema ana skrini gani. Nakataa. Fundi nguo hamwambii mteja apungue, anachukua futi anapima.

Kabla hujakabidhi, jaribu kwenye 1366 kwa 768, kisha asilimia 125. Ikigoma hapo, usichukue hela ya mtu.

Nawasilisha. Anayebisha tukutane kantini.