Afya ya Jamaa: Mbona Hawakumpasua?

Mwezi huu tunarudia kansa ya mlango wa kizazi, kwa sababu ya maneno tuliyoyakuta kwa mama mmoja wa hapa kambini. Alikuwa amerudi Kigali, hospitali ya Kanombe, ambako mashine za mionzi zilianza kazi mwaka 2019. (Kabla ya hapo wagonjwa wa Rwanda walipelekwa nje ya nchi, tena wenye bahati.) Majirani wakamwambia: "Hawakukupasua? Basi wamekuacha nusu." Dada yake akaanza kutafuta pesa za upasuaji, hata kuku wauzwe.

Ngojeni kwanza. Kansa ikiwa bado ndogo, daktari anaweza kuitoa kwa kisu ao kuitibu kwa mionzi. Kule Italia walilinganisha njia hizo, wakatoa majibu mwaka 1997: baada ya miaka 5, waliobaki hai walikuwa sawasawa. Lakini taabu kubwa za baadaye ziliwapata 28 kwa 100 wa kisu, na 12 kwa 100 wa mionzi. Sababu? Wengi waliopasuliwa walihitaji mionzi tena juu yake. Mwili ule ule ukaumizwa mara mbili.

Na uvimbe ukipita sentimita 4? Marekani walijaribu mionzi peke yake, na mionzi kisha kutoa kizazi. Majibu ya 2003: kansa ilirudi palepale kwa wachache zaidi, lakini waliobaki hai hawakuongezeka. Kilichookoa watu zaidi ni dawa ya mshipani kila wiki pamoja na mionzi, na hivyo ndivyo madaktari wanavyofanya tangu 1999.

Kisu nacho kina faida. Mama kijana mwenye kansa ndogo anaweza kuachiwa vifuko vya mayai. Mionzi huvizima, hedhi ikakatika. Basi muulizeni daktari: kansa iko hatua gani?

Jambo linalotuogopesha ni lingine. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, karibu wiki tano, halafu ile ya ndani. Damu inakauka mapema, mama anajiona mzima, baba anapiga simu: rudi, watoto wanalia. Akikatiza, kansa haijafa. Baba, wiki hizo pika wewe.

Kuku wa yule dada bado wako. Anawafuga ili apate nauli ya kumrudisha mwenzake Kanombe kupimwa.