Mfuko wa Wamama Haukuwekwa kwa Ajili ya Vikwembe

Wamama wa Wamaza, nanyi mlioko Kasongo, Kabambare na vijiji vyote vya katikati, ninayoandika leo yamekaa kifuani mwangu muda mrefu, na mficha maradhi kilio humfichua. Nisikilizeni basi, hata kama maneno yatawachoma kidogo.

Kila mtaa wetu una kikundi cha wamama. Wengine hukiita likelemba, wengine shirika, wengine hukikusanya kwenye msikiti au parokia. Vyote vilizaliwa na nia moja, kusaidiana. Mwenzetu akiugua, tumpelekee uji. Akijifungua, tumtekee maji na kumfulia nguo mpaka nguvu zimrudie. Akifiwa, tukalale naye kwenye kilio, wala tusiende mikono mitupu. Chemchemi ikijaa tope, tukaisafishe. Hakuna mwenye kumcha Mungu anayehitaji kuthibitishiwa kwamba kazi hizi ni ibada.

Lakini leo ukiuliza kikundi fulani kinafanya nini, utatajiwa rangi ya kikwembe chake. Wale ni wa kijani chenye maua. Wale walivaa buluu mwaka jana na mwaka huu wanataka kuwapiku wa kijani. Sikukuu za mwaka mpya zikipita tu, habari inabaki moja: tarehe 8 Machi tutavaa nini? Mwezi wa pili wote unaliwa na mabishano ya kitambaa. Mshonaji halali. Asiye na fedha anakopa, na akikosa wa kumkopesha anaambiwa asimame pembeni, maana ataharibu mstari. Siku yenyewe mstari unapita mbele ya wakubwa, makofi yanapigwa, picha zinapigwa, soda zinanywewa. Tarehe 9 kisanduku kiko tupu, na mgonjwa wa kwanza atakayebisha hodi ataambiwa asubiri michango mipya.

Hapo ndipo ninapokereka, wamama wangu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wala msidhani nasema hivi kwa kuwadharau. Ni nani asiyejua kwamba nchi hii ya kusini mwa Maniema imesimama mgongoni mwenu? Mpunga unaoliwa hapa mmeupanda, mmeuvuna na kuutwanga ninyi. Mawese mmeyakamua ninyi. Watu walipokimbia vita na kutufikia na watoto migongoni, bila sufuria wala mkeka, nyumba za kwanza kufunguliwa zilikuwa zenu, na wala hapakuwa na aliyewapa sare ya kufanyia kazi hiyo. Mlitoa mihogo mliyokuwa mmejiwekea wenyewe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mlikuwa na kikundi wakati ule? Mlikuwa nacho, na kilikuwa kizima.

Sasa tukiangalie hicho kisanduku, kwa maana wengi wanachangia bila kukumbuka kiliwekwa kwa nini. Utaratibu huu wa kuweka na kukopeshana wenye kisanduku cha kufuli tatu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka wa 1991, kwa wanawake wa kijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Kufuli ni tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu, ili asiwepo mmoja wa kukifungua peke yake. Ndani yake fedha ni za aina mbili. Ziko za akiba, ambazo mwanachama hukopa na kurudisha na faida kidogo, na mwisho wa mwaka hugawanywa. Na ziko za mfuko wa kusaidiana, ambazo hutolewa kwa mwenye ugonjwa, mwenye msiba, mwenye kuunguliwa nyumba. Hizi za pili ni amana. Mtu akitaka kununua kikwembe kwa akiba yake mwenyewe, ni haki yake na Mungu amvishe vizuri. Lakini kuchota fedha za mgonjwa na kununulia kitambaa ni kula amana, hata kama wanachama wote wameinua mikono kukubali. Mgonjwa wa mwezi ujao hakuwepo kuinua mkono wake.

Na mgonjwa huyo ana haja gani? Nendeni mkaone. Hospitali zetu hazipiki chakula kama za Ulaya; anayelazwa hulishwa na ndugu zake. Ndugu wakiwa mbali, au wakiwa wamekufa, mgonjwa hulala na njaa akitazama sufuria ya mwenzake wa kitanda cha pili. Kuna mama anayejifungua salama, kisha anazuiliwa yeye na kichanga chake mpaka deni lilipwe, huku wiki zikipita na shamba likimea magugu. Nimemwona mmoja wa namna hiyo, amekaa ukutani na mtoto wake, na nje kikundi kinapita kikiimba, kimependeza kweli, vikwembe vipya vikinukia duka. Ilikuwa tarehe 8 Machi. Bei ya vikwembe vichache tu katika mstari ule ingemrudisha nyumbani.

Tarehe hiyo yenyewe ilitoka wapi? Mwaka wa 1910, mjini Copenhagen, mama mmoja wa Ujerumani aitwaye Clara Zetkin aliwaomba wanawake wenzake wa nchi nyingi waweke siku moja kila mwaka ya kudai haki zao. Kisha mwaka wa 1917, tarehe 8 Machi, wanawake wa viwanda vya nguo katika mji wa Petrograd, Urusi, waliacha kazi na kuingia barabarani. Walikuwa wanadai mkate. Vita vilikuwa vimewachukua waume zao, njaa ilikuwa imewashika watoto wao. Siku 7 baadaye mfalme wa Urusi akaacha kiti. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha siku ya wanawake mwaka wa 1975. Waliotupatia tarehe hii, basi, ni wanawake waliokuwa wakitengeneza nguo, na siku hiyo waliziacha nguo mashineni wakaenda kutafuta chakula cha watoto. Sisi tunaacha chakula cha watoto na kwenda kutafuta nguo.

Tena nguo zenyewe zinamtajirisha nani? Vitambaa vya waksi vya bei kubwa vinatoka Helmond, Uholanzi, kwenye kiwanda cha Vlisco kilichoanza mwaka wa 1846. Vya bei ndogo vinatoka China. Fedha ya mama aliyebeba karanga kichwani mpaka sokoni inapanda baiskeli ya mchuuzi, inafika Kindu au Bukavu, inavuka bahari, hairudi.

Nitajibiwa kwamba sare huleta umoja. Sikatai. Mwaka wa 1955, huko Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa wanawake wa chama cha TANU, alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, yeye mwenyewe akiwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, na kupitia hivyo akawaingiza wanawake kwa maelfu katika kazi ya kuikomboa nchi. Ngoma ilitumika, na sare ikatumika, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na kazi. Mombasa wanatufundisha upande wa pili. Vyama vya ngoma ya lelemama vya kule vilishindana miaka mingi kwa mavazi, maandamano na vyakula, kila kimoja kikitaka kumfunika mwenzake, mpaka mali za watu zikateketea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa mji huo wakaanzisha vyama vya namna nyingine, vya kuhangaikia elimu ya wasichana na maendeleo yao. Na Wangari Maathai, je? Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa Baraza la Wanawake la Kenya waliandamana mjini Nairobi kama mnavyoandamana ninyi, lakini maandamano yao yaliishia bustani ya Kamukunji, wakachimba mashimo na kupanda miti 7. Kazi iliyoanza siku hiyo imezaa miti zaidi ya milioni 50. Mtu akiandamana kwenda kufanya kazi, nitampigia makofi mpaka mikono iniume.

Dini zetu nazo zimeshasema. Waislamu mnamjua Bibi Rufaida wa Madina, aliyekuwa na hema lake msikitini akiwatibu majeruhi. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Handaki, alipelekwa kwake. Wakristo mnamjua Dorkasi wa Yafa, aliyewashonea wajane. Angalieni jambo hilo: Dorkasi alishona nguo, naam, lakini wajane ndio waliozivaa. Na ninyi wa Lejio ya Maria, kumbukeni kwamba lejio yenu ilianza Dublin tarehe 7 Septemba 1921, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatembelea wanawake wagonjwa waliolazwa katika hospitali ya maskini. Mpaka leo kila mwanachama, akifika kwenye mkutano wa wiki, anapaswa kueleza kazi aliyoifanya. Hiyo ndiyo desturi ningetamani kila kikundi cha Wamaza kiige, cha msikiti na cha kanisa. Kabla ya kuuliza nani hajalipa mchango, katibu aulize: wiki hii nani amemtembelea nani?

Kwetu Kasongo hatuna haja ya kwenda kuomba mifano mbali. Mwaka wa 1971 madaktari wa Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Antwerp walianza kazi na wenzao wa hapa, wakajenga utaratibu wa vituo vidogo vya afya karibu na vijiji, ambamo wanakijiji wenyewe hukaa katika kamati na kusema yao. Mradi wa Kasongo ulisomwa na madaktari wa dunia nzima, na ni miongoni mwa mifano iliyofuatwa nchi ilipogawanywa katika zoni za afya. Kituo cha namna hiyo hakiwezi kuishi kwa dawa peke yake. Lazima pawe na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na kusema: kesho chanjo, mlete mtoto. Mwaka wa 2019 na mwanzoni mwa 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo. Kila kikundi cha wamama kikigawana nyumba za mtaa wake siku ya chanjo, mtoto gani atasahaulika? Kazi hiyo haihitaji yadi hata moja ya kitambaa. Inahitaji miguu, na jina lako liwe linaaminiwa mtaani.

Na hapa siwezi kupita bila kuwageukia wanaume wenzangu, kwa maana nawaona mnatikisa vichwa na kucheka, mkidhani mawaidha ni ya wanawake tu. Ninyi mnaocheka vikwembe, salongo yenu, ile kazi ya pamoja, iko wapi? Enzi ya Mobutu tulitolewa kwa amri, tukalalamika, lakini njia zilifyekwa. Sasa amri imekwisha na mapanga yamelala. Njia ya chemchemi imefungwa na majani, nyoka wanavuka humo, na anayepita alfajiri na ndoo kichwani ni mkeo, ni binti yako. Wewe uko chini ya mwembe na karata. Mbaya zaidi, kuna mume anayemkataza mkewe kwenda mkutanoni Jumatano kwa kisingizio cha kazi za nyumbani, lakini siku ya kugawana akiba anasimama mlangoni kumpokea fedha mkononi. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe hata kwa mkataba mdogo; Bunge liliifuta ruhusa hiyo kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kisanduku cha mke wako si chako. Ukitaka kukisaidia kikundi chake, chukua panga.

Nawarudia ninyi, wamama. Nimewasifu kwa haki na nimewagombeza kwa haki. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, na watu wa Kasongo tunajigamba sana kwa uungwana. Machi itafika tena. Kabla haijafika, kila kikundi kikae, wenye funguo tatu wafungue mbele ya wote, zihesabiwe fedha za mfuko wa kusaidiana, na iandikwe katika daftari, kwa kalamu na kwa sahihi au dole gumba la kila mwanachama, kwamba fedha hizo hazitanunua kitambaa. Siku ya tarehe 8 kila mmoja avae kikwembe alicho nacho, na asiye na kipya asimame mbele, asisimame pembeni. Mkiisha kupita mbele ya wakubwa, msitawanyike. Nendeni na sufuria zenu mpaka hospitalini kwa waliojifungua na wagonjwa wasio na ndugu, muwalishe, muwafulie, na mkiweza mlipe deni la mmoja arudi kwake. Nasi wanaume tutakuwa kwenye njia ya chemchemi tangu asubuhi. Asiyeonekana huko na panga lake, mtajeni jina mkutanoni.