Kamba Zilizomo Ndani ya Ngozi

Kila anayepara samaki katika bandari ya Port Bell, pale Luzira ukingoni mwa Ziwa Viktoria, anaujua mwiba wa sato. Huchoma kidole mara moja, damu ikachuruzika, na kazi ya siku ikaharibika. Baada ya siku kadhaa kidole hupona. Je, ni nani aliyeliziba jeraha?

Wengi hudhani kwamba ngozi huota tu kama majani. Sivyo. Chembe hai zilizo kando ya jeraha huondoka zilipokuwa, zikatambaa mpaka zikutane katikati.

Chembe haina miguu. Ndani yake mna nyuzi za protini iitwayo aktini, ambazo unene wake ni kama sehemu 7 za milioni za milimita. Nyuzi hizo ni mfano wa kamba za meli iliyo gatini: huku hufunguliwa, kule hukazwa. Lakini baharia hagusi kamba bila amri. Katika mwili, amri za kwanza hutoka katika damu. Vigandishi vya damu humwaga kemikali penye jeraha. Kemikali hizo hunasa katika vipokezi vilivyo juu ya chembe. Navyo hupeleka habari ndani, mjumbe kwa mjumbe, mpaka zifikie protini ndogo zilizo kama swichi. Mwaka 1992, Anne Ridley na Alan Hall, wakichunguza chembe za panya mjini London, walionyesha kazi ya swichi mbili kati ya hizo. Rac ikiwashwa, aktini mpya hujengeka ukingoni na chembe hujitandaza. Rho ikiwashwa, nyuzi hukusanyika kuwa vifungu vinavyokaza. Zikipokezana, mbele husogea na nyuma huvutwa.

Hapa ndipo penye funzo kwa nyumba zetu. Mama anayebandua kigaga huzing'oa chembe zilizokuwa safarini chini yake. Anayepaka majivu au mafuta ya taa huziua, na huenda akaingiza vijidudu vya pepopunda. Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa kuchunguza nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa lisikauke hupata ngozi mpya upesi kuliko lililoachwa wazi.

Basi, oshe jeraha kwa maji safi na sabuni, ulifunike kwa kitambaa safi, na ukibadilishe kila kinapochafuka. Mwiba ukiingia ndani sana, nenda zahanati ukaulize juu ya chanjo ya pepopunda. Mwenye ugonjwa wa kisukari azidi kujihadhari, kwa maana sukari nyingi huzichelewesha chembe katika safari yake. Jeraha lake lisipoonyesha dalili ya kupona, asingoje. Aende kwa mganga wa hospitali.

Mkono ndio mtaji wa mchuuzi wa samaki. Amri ya kuuponya imekwisha kutolewa, sisi tusiikatize.