Kipimo Kiwe Uso Wetu

DIRISHA LA MABIBO
Na Zuhura Mkamba

Siku tatu kabla ya arobaini ya mama yangu tulikaa sebuleni, mtaa wa nyuma ya Mabibo Mwisho, tukimtafuta mama kwenye karatasi. Picha tulikuwa nayo. Ilipigwa kwa simu mchana wa sikukuu, mama ameketi barazani na kanga yake nyekundu. Kwenye kioo cha simu alikuwa yeye mwenyewe: maji ya kunde, na mashavuni ule wekundu wa mbali wa mtu aliyetoka jikoni. Mtoto wa kaka yangu ana printa nyumbani, hizi za matangi ya wino. Akaniambia, "Shangazi, hela ya steshenari ya nini? Bibi namtoa hapa hapa."

Karatasi ya kwanza ikatoka mama mweusi ti, macho hayaonekani. Kijana akaongeza mwanga. Ya pili ikatoka na rangi ya majivu, na ukiitazama vizuri ina ukijani. Ya tatu, kanga imekuwa tofali. Ilipofika ya saba, mama mdogo, aliyekuwa kimya muda wote akichambua mchele, aliivuta ile karatasi, akaitazama, akairudisha mezani. "Huyu si dada yangu," akasema, akaendelea na mchele wake.

Kauli ile haijanitoka. Mama mdogo hajui printa wala wino, lakini ndiye pekee pale ndani aliyesema jambo la maana, kwa sababu alikuwa na kipimo. Alimjua dada yake kwa zaidi ya miaka sitini. Sisi tulikuwa tunapima kwa kioo cha simu.

Kioo na karatasi havifanyi kazi kwa namna moja. Kioo kinawaka chenyewe: kinachanganya nuru nyekundu, ya kijani na ya bluu, na zikikutana zote kwa nguvu unapata weupe. Karatasi haina nuru yake. Inasubiri mwanga wa dirisha au wa taa uiangukie, wino unameza sehemu, kinachobaki ndicho kinachofika machoni. Wino wa printa ni samawati, majenta, njano na nyeusi, na kadiri unavyorundika ndivyo giza linavyozidi. Ndiyo maana kuna rangi za kiooni ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje: bluu kali ya anga, kijani cha kitenge kinachowaka. Hizo tukubali zitafifia.

Lakini ngozi ya mtu haimo katika kundi hilo. Maji ya kunde, rangi ya chungu, weusi wa mkaa, zote printa ya kawaida ya nyumbani inaziweza. Anayekuambia "karatasi haiwezi kuwa kama simu, ridhika tu" anasema kweli kwa kitenge. Kwa uso, asikuambie hivyo. Uso ukikosewa, kosa lina sababu na lina dawa.

Sisi tulikuwa na makosa manne kwa pamoja.

La kwanza ni mwanga wa kioo. Wanaofanya kazi hii kitaalamu hushusha kioo cha kompyuta hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Simu ya siku hizi ikiwa juani hupita 500. Ukirekebisha picha kwenye kioo kinachowaka kiasi hicho, utaiona ina mwanga wa kutosha, kumbe mwanga ni wa kioo. Karatasi ikitoka, giza. Fanya hivi: fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kioo, shika karatasi nyeupe kando yake, shusha mwanga hadi weupe wa vyote viwili ukaribiane. Na kama simu ina chaguo la kukoleza rangi, lizime.

La pili ni wino. Ule ukijani wa mama haukutoka kwenye picha. Ngozi zetu kwenye karatasi hujengwa zaidi kwa njano na majenta; majenta ikikatika, kijani kinajitokeza. Tulipotoa karatasi ya ukaguzi wa matundu ya wino, mistari ya majenta ilikuwa imekatikakatika kama mshono uliofumuka. Printa ilikuwa imekaa wiki kadhaa bila kazi, wino umekauka kwenye kichwa chake. Tuliisafisha mara mbili kwa amri yake yenyewe, mistari ikaungana. Karatasi saba ziliharibika kwa jambo ambalo karatasi moja ya ukaguzi ingelionyesha.

La tatu ni karatasi. Tuliweka karatasi ya picha, ile ya kung'aa, huku kwenye mipangilio printa imeambiwa ni karatasi ya kawaida. Printa hupima kiasi cha wino kulingana na karatasi iliyoambiwa. Ukiidanganya, nayo itakupa rangi za uongo.

La nne ni ubishi wa mabwana wawili. Programu ya picha ilikuwa inarekebisha rangi, na printa nayo inarekebisha zilezile upya. Wahenga walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Chagua mmoja aongoze, mwingine mzime. Na picha yenyewe ihifadhi katika sRGB, mizani ya rangi waliyoipendekeza HP na Microsoft mwaka 1996, ambayo printa nyingi za nyumbani huitarajia.

Hayo ni ya mashine. Lakini ukishayamaliza yote bado unamhitaji mama mdogo, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane.

Zamani za studio, aliyepiga picha na aliyeisafisha mara nyingi walikuwa mtu mmoja, au walau nyumba moja. Ndivyo zilivyokuwa studio za pwani yetu, kama Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930. Mtu wa studio aliuona uso kabla hajaona picha. Rangi zilipokuja, usafishaji ukahamia kwenye maabara za mashine, na mashine ikahitaji kipimo. Kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke, ili fundi alinganishe rangi zake na ngozi ya yule mwanamke. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Kwa miongo kadhaa Shirley alikuwa mzungu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alieleza mwaka 2009 kwamba miongoni mwa walioisukuma Kodak iboreshe rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba mbao na chokoleti zao hazitoki vizuri. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990.

Lifikirie hilo. Malalamiko ya mbao yalisikika kabla ya nyuso zetu kufikiriwa. Ukifungua albamu za nyumbani ukaona babu amekuwa kivuli kando ya shati jeupe, usimlaumu mpiga picha wa mtaani peke yake. Kipimo hakikuwa uso wa babu.

Leo kipimo kiko mikononi mwetu, na tunakichezea. Zipo steshenari ambazo ukipeleka picha ya pasipoti, kijana wa kompyuta anaanza kuung'arisha uso kabla hata hujamwomba. Anadhani anakupendezesha. Huo ni mkorogo wa kompyuta, na nauita hivyo kwa kukusudia. Tunawakanya mabinti zetu wasijichubue, kisha tunaning'iniza ukutani picha zilizochubuliwa. Mtoto atakayekua akiitazama picha ile atamjua bibi ambaye hakuwahi kuwapo.

Nina ombi kwa wenye steshenari wa Mabibo, hasa ninyi mnaowahudumia wanafunzi wa hosteli na wa Chuo cha Usafirishaji. Tengenezeni kadi yenu. Pigeni picha ya watu wanne au watano wa dukani, wa rangi zetu zote, pamoja na mkungu wa ndizi kutoka soko la Mahakama ya Ndizi, mbivu na mbichi, kwa sababu kila mtu hapa anaijua rangi yake. Itoeni kila asubuhi kwa karatasi na wino wa siku hiyo, muishike kando ya watu wenyewe. Ikipotoka, rekebisheni kabla ya mteja wa kwanza. Na mteja akileta picha ya mtu msiyemjua, mwulizeni: alikuwa na rangi gani? Mtoleeni kipande kidogo kwanza, akikubali ndipo mtoe kubwa.

Sisi tulitoa kipande cha kiganja. Tuliacha wino ukauke hadi kesho yake, tukakipeleka barazani saa nne asubuhi, kivulini, mbali na taa ya sebuleni inayogeuza rangi. Mama mdogo alikishika kwa mikono miwili. Hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Hapo sawa. Ila alikuwa mwekundu kidogo zaidi hapa," akagusa shavu. Tukaongeza kidogo. Picha ile iko ukutani sasa, upande usiofikiwa na jua, maana jua huula wino.

Nawe ukitoa picha ya mtu wako, iwe kwa printa ya nyumbani au steshenari, toka nayo nje uitazame kwenye mwanga wa mchana, pamoja na mtu anayemjua. Kama si yeye, usiipokee.