Barua ya Wazi kwa Kituo cha Ubia: Mkataba wa Hospitali Kubwa na Zahanati ya Kijijini

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kituo cha Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi (PPPC),
Wizara ya Fedha.

Nakala: Waziri wa Afya; Ofisi ya Rais – TAMISEMI.

Kutoka Mugeta, Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara.

YAH: FEDHA ZA WAWEKEZAJI KATIKA HOSPITALI ZA UMMA

Fedha za mwekezaji zinazojenga hospitali ya umma ni mkopo, hata pale mkataba unapoziita ubia. Kampuni hukopa benki, hujenga wodi au hufunga mashine, huendesha huduma kwa miaka 15, 20 au 25, na muda ukiisha mali hurudi serikalini. Katika miaka yote hiyo fedha zake hurudishwa pamoja na riba na faida. Ama Hazina hulipa kila mwaka, ama mgonjwa hulipa dirishani. Bima ya afya nayo hujazwa na michango ya wananchi hao hao na ruzuku ya serikali hiyo hiyo. Kwa hiyo, kabla ya mkataba wowote wa afya kusainiwa, Kituo cha Ubia kina swali moja la kulijibu mbele ya wananchi: mwaka ambao fedha hazitatosha, nani atalipwa kwanza?

Jibu huwa limekwisha kuandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Malipo ya mwekezaji hulindwa kwa vifungu, mara nyingine kwa dhamana ya serikali, na mgogoro ukizuka huweza kusikilizwa na wasuluhishi wa London au Washington. Fedha za zahanati hazina kifungu kinachozilinda namna hiyo. Bajeti ikipungua, mkataba hulipwa na zahanati husubiri. Mkazi wa Mugeta huanzia matibabu zahanati, akipewa rufaa huenda kituo cha afya, kisha Bunda au Musoma, na ugonjwa ukizidi huvuka hadi Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Ngazi ya kwanza ikitikisika, zote zilizo juu yake hubeba wagonjwa waliochelewa.

Tanzania haikuanza jana kukabiliana na suala la nani alipie matibabu. Miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali za kibiashara, na marekebisho ya mwaka 1991 yakazifungulia tena mlango. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaingia katika hospitali za serikali. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Sheria ya ubia ilitungwa mwaka 2010, ikarekebishwa mwaka 2014, 2018 na 2023, na marekebisho hayo ya mwisho ndiyo yaliyokiweka Kituo cha Ubia mahali kilipo leo. Mwaka huo huo wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Mkoa wa Mara unaufahamu ubia wa aina nyingine, wa zamani kuliko sheria hizi. Hospitali ya Shirati wilayani Rorya ni ya Kanisa la Mennonite, na Hospitali Teule ya Nyerere, Mugumu, wilayani Serengeti, ni ya kanisa hilo hilo. Bunda nayo kwa miaka mingi imetegemea hospitali teule. Mpango wa hospitali teule ni rahisi kuueleza: taasisi ya dini inamiliki majengo, serikali inaleta watumishi, mishahara na ruzuku ya dawa, na hospitali inafanya kazi ya hospitali ya wilaya. Bugando yenyewe ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa maaskofu kwa makubaliano na serikali. Makubaliano ya namna hii yana kasoro zake. Ruzuku huchelewa, na pasipo hospitali ya serikali karibu, ada ya hospitali teule huwa mzigo kwa mkulima wa pamba ambaye fedha huiona msimu mmoja tu kwa mwaka. Lakini hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio, wala benki ya mbali inayodai riba kutokana na kitanda cha mgonjwa. Ubia wa Bugando na ubia wa kibiashara vimepewa neno moja katika lugha ya sera, na neno hilo linaficha tofauti kubwa.

Tofauti hiyo Watanzania walikwisha kuilipia katika umeme. Mkataba wa kampuni binafsi ya umeme ya IPTL wa mwaka 1995, wa mitambo ya megawati 100 pale Tegeta, uliitaka TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilipie uwezo wa mitambo kila mwezi, iwe imewaka au imezimwa. Umeme ulioletwa kama dharura ya ukame ukawa deni la miaka, na kesi zake zikazunguka mahakamani hadi nje ya nchi. Katika maji, kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma ya Dar es Salaam mwaka 2003, na mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba kwa kutoridhika na utekelezaji. Kifungu cha kulipia uwezo bila kujali matumizi ndicho kinachorudi leo katika mikataba mingi ya hospitali duniani: serikali hulipia jengo kuwepo, si mgonjwa kutibiwa.

Mfano unaopaswa kusomwa kwa makini zaidi Afrika ni wa Lesotho. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo, kwa ushauri wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, ilisaini mkataba wa miaka 18 na muungano wa kampuni ulioitwa Tsepong, ukiongozwa na Netcare ya Afrika Kusini. Hospitali ya Queen 'Mamohato ilifunguliwa Maseru mwaka 2011. Haki itendeke kwa pande zote: hospitali ilikuwa bora kuliko ile iliyoirithi, na tafiti za mwanzo zilionyesha vifo vya wagonjwa waliolazwa vimepungua. Tatizo lilikuwa bei. Mwaka 2014 shirika la Oxfam lilikadiria kwamba hospitali hiyo moja ilikuwa ikichukua asilimia 51 ya bajeti ya afya ya nchi. Benki ya Dunia iliipinga hesabu hiyo, lakini malipo yalikuwa yamepanda juu ya matarajio. Lesotho ni nchi ya milima, na watu wake wengi wanaishi vijijini, ambako zahanati ndiyo tegemeo lao. Mwaka 2021 wauguzi wa hospitali hiyo waligoma wakidai mishahara sawa na ya wenzao wa serikali, wakafukuzwa kwa mamia, na mwaka huo huo serikali ikauvunja mkataba kabla ya muda wake.

Jirani wa karibu zaidi, Kenya, haikujenga jengo. Ilikodi mashine. Kuanzia mwaka 2015 serikali kuu ya Nairobi iliingia mikataba ya vifaa tiba vya kukodi kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti kati ya kaunti 47, na gharama ikakatwa katika mgawo wa kaunti kabla haujawafikia magavana. Makato yalianza na shilingi milioni 95 za Kenya kwa kaunti kwa mwaka, na kufikia mwaka wa fedha 2018/19 yalikuwa milioni 200. Baadhi ya mashine zilikaa ndani ya makasha kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, chumba kinachofaa au mtaalamu wa kuzitumia, na kodi yake iliendelea kulipwa. Kamati ya Seneti iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti kali mwaka 2020. Uganda nako, Bunge liliidhinisha mwaka 2019 hati za ahadi za malipo za hadi dola milioni 379 kwa hospitali ya kibingwa ya Lubowa, na miaka ikapita hospitali ikiwa bado haijakamilika.

Uingereza, ambako mtindo wa mwekezaji kujenga na serikali kumlipa kwa miaka mingi ulianzia mwaka 1992, iliusitisha kwa miradi mipya mwezi Oktoba 2018. Mapema mwaka huo mkaguzi mkuu wa nchi hiyo alikuwa amehesabu mikataba zaidi ya 700 iliyokuwa bado hai, yenye malipo ya pauni bilioni 199 yanayoendelea hadi miaka ya 2040.

Wanaoutetea ubia wana hoja nzito, na Mara ndiyo inayoipa nguvu kuliko mkoa mwingine. Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, mjini Musoma, mradi wa serikali, ilibaki kuta tupu kwa miongo kadhaa kabla ya ujenzi kufufuliwa. Kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma na kuoa kikiyaona maboma hayo. Mtu aliyempoteza mzazi njiani kwenda Mwanza hana sababu ya kuchagua subira ya serikali dhidi ya kasi ya mwekezaji. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni fedha za umma zimeonyesha kwamba zinaweza kujenga upesi pale zinapotengwa na kufuatiliwa: tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zilipelekwa kujenga vituo vya afya, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo cha kutolea huduma. Kwangwa ilikwamishwa na fedha zisizofika. Mkataba wa kibiashara hautibu ugonjwa huo, kwa kuwa malipo yake ya kila mwaka yatatoka katika Hazina ile ile iliyoshindwa kupeleka fedha za ujenzi.

Lipo pia suala la msamaha. Kwa sera ya nchi, mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bure katika vituo vya umma. Katika hospitali teule serikali na kanisa husukumana kuhusu nani abebe gharama hiyo, na mara nyingi hospitali ndiyo hubaki na deni. Mwekezaji hatabaki na deni. Mkataba usipotaja kwa jina watu hawa na fungu litakaloulipia msamaha wao, mama wa Mugeta atakutana na jibu lake akiwa tayari ameshikwa na uchungu.

Kwa misingi hiyo, Kituo cha Ubia kinaombwa kuchapisha kila mkataba wa afya kwa Kiswahili kabla haujasainiwa, pamoja na jedwali la malipo ya kila mwaka hadi mwaka wa mwisho. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria nchini, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa msingi wa ombi hili. Sheria ya mwaka 2017 ililipa Bunge mamlaka ya kupitia masharti ya mikataba ya madini na maliasili nyingine, na afya ya watu haistahili ulinzi mdogo kuliko dhahabu. Malipo yafungwe na huduma iliyotolewa: mashine isiyofanya kazi isilipiwe, wala isifungwe mashine inayokubali vitendanishi vya kampuni moja pekee. Na jumla ya malipo ya mikataba yote iwekewe ukomo ndani ya bajeti ya afya, fungu la zahanati na vituo vya afya likiwekwa kando kwanza, kwa sheria, kabla ya hundi ya mwekezaji yeyote kuandikwa.

Kijiji kina wajibu wa kuwasomea wananchi mapato na matumizi yake katika mkutano mkuu na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo, hadi shilingi ya mfuko wa saruji. Jedwali la malipo ya hospitali litakalowafunga watu hao hao kwa miaka 20 linaenea katika karatasi mbili, na ubao huo una nafasi.

Mugeta, Bunda, Mara