Msamaha wa kodi kwa kichujio cha maji: mama mwenye bidoni anapata nini?

Serkali ikimwambia mkaaji wa Lubumbashi, « nunua kichujio cha maji, tutakupunguzia kodi », nani atafaidika? Ni mwenye karatasi ya mshahara, mwenye nyumba yake, mwenye faktira yenye mhuri. Mama anayebeba bidoni ya lita 20 kutoka kisima cha jirani huko Katuba hana kitu cha kupunguziwa. Kodi yake analipa sokoni, ndani ya bei ya sabuni na mafuta, na hapewi risiti. Familia iliyokimbia vita ya Mitwaba ama Pweto, inayopanga chumba kimoja huko Ruashi, haitajua hata dirisha la kuombea msamaha huo liko wapi.

Wenye kupenda wazo hili wanatoa mfano wa Marekani, ambako kwa miaka mingi familia iliyoweka paneli za jua ilipunguziwa kodi ya mapato. Sawa, lakini kule karibu kila mfanyakazi anajaza karatasi ya kodi kila mwaka. Hapa kwetu, fundi wa viatu, muuza makala na dereva wa pikipiki hawaijui karatasi hiyo. Ukipitisha msaada kwenye mlango ambao wao hawapitiki, umewaacha nje, hata kama sheria imeandikwa kwa maneno mazuri.

Tena misamaha ya kodi si jambo geni katika nchi hii. Kanuni ya Madini, ya 2002 na hata ile iliyorekebishwa 2018, inaruhusu kampuni ya madini kuingiza vifaa vya kazi kwa ushuru wa 2% kabla ya kuanza kuchimba, na 5% wakati inachimba. Kanuni ya Uwekezaji ya 2002 nayo iliandika msamaha wa forodha kwa mashine mpya, kwa mwenye kuleta mradi wa dola 200.000, ama dola 10.000 kwa biashara ndogo. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha maji ya chupa anaweza kupanga mstari pale ANAPI. Mama wa Katuba, ambaye ndiye atanunua chupa ile, hana ofisi ya kumsikiliza. Mfanyabiashara mdogo anayeleta vichujio 50 kupitia Kasumbalesa naye hana msamaha wa namna hiyo.

Kama nia ni njema kweli, msamaha uwekwe kwenye bei. Ushuru wa forodha na TVA ya 16% viondolewe juu ya vichujio vya nyumbani na dawa ya klorini, pale pale mpakani, ili kila anayenunua apate, awe na karatasi ama asiwe nayo. Na bei ifuatiliwe mpaka sokoni, maana tunawajua wafanyabiashara wetu: ushuru unaweza kushuka na bei ikabaki juu.

Hata hivyo, watu wasidanganywe. Kichujio cha udongo ama cha mchanga, kikitunzwa vizuri, kinapunguza matope na vijidudu. Hilo si dogo katika mji ambao visima na vyoo vinakaa uwanja mmoja, na ambao ulipitiwa na kolera 2008 pamoja na Likasi. Lakini kobalti na shaba zilizoyeyuka ndani ya maji hazizuiliwi na mchanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza 2009 kwamba wakaaji wa kusini ya Katanga wana kobalti nyingi mwilini. Mwezi wa 11, 2025, maji machafu ya kampuni ya CDM yaliingia Kasapa, Kamatanda na Moïse, katika komini ya Annexe, mpaka waziri wa Madini, Louis Watum, akaisimamisha kazi kwa miezi 3. Ndoo gani yenye kichujio ingeokoa familia siku ile? Mashine inayoweza kuondoa metali inataka presha ya maji na umeme. Kwa umeme huu wa SNEL?

Ndiyo maana msamaha huu una hatari yake. Kesho mtu akiugua, ataulizwa kwa nini hakununua kichujio. Lakini kifungu cha 48 cha Katiba kinasema haki ya kupata maji safi inahakikishwa. Hakisemi kila baba awe REGIDESO ya nyumba yake.

Wengine watasema hazina ni tupu. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati 2018 na mrabaha wake ukapanda mpaka 10%. Katika kila mrabaha wa madini, sheria inapeleka 25% kwa jimbo lenye mgodi na 15% kwa komini, sekta ama usultani wa pale. Sheria ya maji ya tarehe 31/12/2015 nayo ilivunja ukiritimba wa REGIDESO, kwa hiyo jimbo haliwezi kusema mikono yake imefungwa.

Ushuru na TVA ni mambo ya Kinshasa: hayo waulizwe wabunge wa taifa waliochaguliwa hapa. Mrabaha ni jambo la hapa. Kikao cha bajeti cha Bunge la Jimbo kinafunguliwa mwezi wa 9. Wasikilizaji wa Annexe na Ruashi, na nyinyi mliokimbia vita mkapokewa huko, mna haki ya kumwuliza mbunge wa jimbo na burgumesta maswali mawili: mwaka jana ziliingia franka ngapi za mrabaha, na zilichimba foraji ngapi, kwenye mtaa gani?