Kuchora Wakati wa Likizo

Kila likizo inapokaribia twaambiwa tusome vitabu, tusaidie wazazi, tusizurure. Mashauri hayo ni mema. Mimi naongeza moja ambalo wengine watalicheka: tuchore.

Sisemi kuchora kwa kutafuta maksi. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kabale nikingojea matokeo ya mtihani, wala usingizi haukupatikana. Hesabu moja niliyoikosea ilinirudia kila usiku. Asubuhi moja nikakaa chini ya mgomba na daftari kuukuu, nikaanza kuuchora mlima ulio mbele yetu, matuta yake ngazi kwa ngazi, na mashamba ya mtama na viazi. Nilipofika tuta la saba nikatambua kuwa ile hesabu sikuikumbuka tangu tuta la kwanza. (Mlima wenyewe ulitoka kama kichuguu, dada yangu alicheka sana.)

Baba aliniuliza, "Hiyo ndiyo kazi?"

Nikamjibu, "Baba, ng'ombe wamekwisha kunywa maji."

Tusidhani kuchora ni mchezo wa watoto. Bibi Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, na Sam Ntiro, aliyesoma huko, alichora sana maisha ya watu wa kwao Kilimanjaro.

Ila raba ya kufutia iacheni shuleni. Ukiwa nayo utaanza kujisahihisha, na hapo umerudi mtihanini.

Matokeo yalipofika, maksi zangu za Hesabu zilikuwa haba kama nilivyoogopa. Jioni ile nilianza tuta la nane.